Naomba ushauri: "startled", "shocked" au "stunned"?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika hadithi fupi kwa Kiingereza na nimekwama kwenye sentensi moja. Bibi yuko barazani, Bukoba, anachambua mchele. Ghafla tairi la lori linapasuka barabarani, ungo unamtoka mikononi. Kwa Kiswahili ningeandika "alishtuka", yakaisha.

Kiingereza ndiyo kazi. "Surprised" naiona nyepesi mno, hiyo ni ya mgeni aliyekuja bila taarifa. "Startled" inabeba ule mruko wa mwili, ila hupita mara moja. "Shocked" huwa naikuta zaidi kwenye habari nzito, msiba au kashfa. Halafu "stunned" ni ya mtu aliyeduwaa hata maneno hayatoki, au aliyepigwa kichwani akazubaa.

Naegemea "startled". Shida ni kwamba aya inayofuata bibi anabaki ameganda, maana ule mlio umemrudisha kwenye vita vya Kagera vya 1978. Je, nianze na "startled" kisha nihamie "stunned", au nichague moja? Na "jolted" ingekaaje hapo? Walimu wa lugha na wasomaji wa riwaya, nisaidieni tafadhali, mhariri anaitaka Ijumaa.