Mjadala: Kulipa kikomboleo kwa maharamia kupigwe marufuku?

Wadau, salaam. Kila maharamia wa Somalia wanapoanza tena kuteka vyombo, hoja hii huibuka: ukilipa kikomboleo umemnunulia haramia boti ya pili, kwa hiyo malipo yapigwe marufuku kabisa. Sibishi kwamba hela inawanenepesha. Ila marufuku hiyo itamwangukia baharia maskini peke yake.

Angalieni meli mbili za kuvua jodari. Alakrana ya Hispania ilitekwa tarehe 2 Oktoba 2009 ikiwa na watu 36. Novemba 17 walikuwa huru. Serikali yao ilikana kulipa, lakini mahakama ya huko ikaja kusema fedha zilitoka kwa taasisi za umma. Naham 3, yenye wamiliki wa Taiwan na bendera ya Oman, ilitekwa Machi 2012 kusini mwa Shelisheli ikiwa na watu 29, wengi wao Wafilipino, Wakambodia, Waindonesia, Wavietnam na Wachina. Nahodha aliuawa wakati wa utekaji. Meli ikazama baadaye, mabaharia wakapelekwa nchi kavu, wawili wakafa kwa maradhi. Waliobaki 26 walitoka Oktoba 2016! Mmoja wao, Mfilipino, aliiambia BBC kuwa walifikia kula panya, wanawapika huko huko porini. Na aliyesimamia mazungumzo ya kuwatoa alikuwa John Steed, kanali mstaafu wa Uingereza aliyekuwa akifanyia kazi zake Nairobi. Bendera ya Oman iliwasaidia nini?

Najua kuna atakayenitajia Golden Wave ya Wakorea, iliyotekwa karibu na Lamu Oktoba 2010 ikiwa na watu 43, Wakenya 39. Waliachiwa Februari 2011, ikasemekana hakikulipwa kitu, maharamia walichoka tu kulisha watu. Sawa. Kwa hiyo ndugu zetu wakitekwa tena, tukae tungoje watekaji wachoke?

Ninachotaka mimi: mwenye meli asiye na bima ya utekaji (ile ya kulipia kikomboleo) inayomhusu kila baharia, hadi mpishi, asipewe leseni ya kuvua kwetu. (Wanaosema maharamia wanalinda samaki wao dhidi ya meli za wizi, uvuvi haramu upo kweli, lakini mpishi wa Kikambodia aliiba samaki gani?)

Mnaotaka marufuku, karibuni. Ila mseme kwanza: nani angewatoa wale 26?