Kundi la vijana wa LGBTQ kusaidiana kimawazo mtandaoni: nani anajibu usiku, na siri zinalindwaje?

Kipepeo_Pwani

Habari zenu wapendwa. Kuna kundi la WhatsApp la vijana wa LGBTQ wa Mombasa, Kilifi na Nairobi, umri miaka 18 hadi 24, watu kama sitini. Kazi yake ni kupeana moyo: waliofukuzwa nyumbani, wasiolala, wanaoambiwa kila wiki kanisani au msikitini kwamba wao ni laana. Sasa limewazidi nguvu maadmini watatu. Ujumbe wa "nimechoka na maisha" unaingia saa 8 usiku, unaonekana asubuhi. Mtu akikwama kodi, namba za M-Pesa zinarushwa humo humo ndani. Mgeni anaingia kwa kiungo tu, na hakuna anayejua kiungo hicho kimeshafika wapi.

Naomba wenye ujuzi wa kuendesha makundi haya waseme kwa undani. Tuhame WhatsApp? Usiku wa dharura unapangwaje? Na mtu mpya anapokelewa vipi bila kumdai kitambulisho?

laini_mbili

Nianze na namba za simu, maana ndipo watu wanapoumia kwanza. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake, na kwa Kenya namba ni jina. Mtu anaichukua, anajifanya anatuma shilingi 10 kwa M-Pesa, jina la mwenye laini linatokea, anakatiza kabla hela haijatoka. Laini nyingi za vijana zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mama au mjomba, kwa hiyo jina linalotokea ni la mzazi mwenyewe. Anayetaka kumtoza mtu pesa kwa vitisho hahitaji kingine. Hata kama hana ubaya wowote, skrinishoti moja ikivuja inabeba namba sitini.

Hamieni Signal, programu ya ujumbe kama WhatsApp. Tangu 2024 inakuruhusu kutumia jina la mtumiaji badala ya namba. Ila haitoshi kuisakinisha tu. Kila mwanachama aingie kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya namba ya simu, aweke "hakuna" mara mbili: nani anaiona namba yangu, na nani anaweza kunitafuta kwa namba. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayomfanya binamu mwenye namba yako akukute humo kwa jina lako la siri, tuseme "Kipepeo". Arifa ziwekwe zisionyeshe jina wala ujumbe. Ujumbe ujifute baada ya wiki 1. Kufuli ya programu iwashwe, kwa sababu simu ya nyumbani hushikwa na wengi. Kwenye Android mnaweza hata kubadilisha alama na jina la Signal lionekane kama programu ya habari au hali ya hewa.

Telegram na Discord watu huzidhani salama kwa sababu zinaficha namba. Mazungumzo ya kundi humo hayajafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kwa hiyo kampuni inaweza kuyasoma na inaweza kudaiwa kuyatoa. Na hakuna programu inayozuia mtu kuipiga picha skrini kwa simu ya pili. Kwa hiyo kanuni ya maudhui inabaki pale pale popote mtakapohamia: hakuna sura, hakuna jina la shule au kazini, hakuna jina la mtaa.

Kiungo kifuteni leo hii. Washeni idhini ya admini kwa kila anayeomba kuingia.

Michango msiizuie, maana kodi na chakula ni nusu ya afya ya akili ya kijana aliyefukuzwa. Itoeni tu kwenye kundi: mwenye shida amwandikie mweka hazina peke yake, na mweka hazina atume. Mkiweza kushirikiana na shirika lililosajiliwa pesa zikapitia Paybill yake (namba ya shirika ya kupokelea M-Pesa), bora zaidi.

Na orodha ya wanachama kwenye Google Sheets, kama ipo, iondoeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa data nyeti. Msichokihifadhi hakiwezi kuibwa.

MshauriNrb

Naunga mkono yote hayo, na naongezea upande wa ushauri nasaha.

Kundi linalokaa wazi saa 24 bila mtu wa zamu ni hatari kuliko lenye saa zake. Kijana anaandika usiku akiamini kuna anayesoma, anakutana na kimya, na kimya kile anakisoma kama jibu. Wekeni vikao: tuseme Jumanne na Jumamosi, saa 2 usiku hadi saa 4. Nje ya hapo admini afunge, wasimamizi pekee ndio waweze kuandika, na ujumbe uliobandikwa juu useme waziwazi: "Sasa hivi hakuna msimamizi. Ukiwa hatarini piga 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, bure, usiku na mchana." Befrienders Kenya nao wanasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua. Kabla ya kubandika namba yoyote, pigeni nyinyi kwanza msikie inapokelewaje.

Sitini ni wengi mno kwa kikao. Gawanyeni vikundi vya watu 8 hadi 12, kila kimoja wasimamizi wawili. Wawili ni lazima, nitaeleza kwa nini. Dakika kumi za mwanzo kila mtu anaipima hali yake ya moyo kutoka 0 hadi 10 na sentensi moja. Kisha mazungumzo. Robo saa ya mwisho kila mmoja anataja jambo moja dogo atakalolifanya kabla ya kikao kijacho: kulala saa fulani, kumpigia dada, kutoka nje ya chumba. Bila hiyo robo saa, kundi la watu wenye maumivu yanayofanana hugeuka mahali pa kulitafuna jeraha lile lile kila wiki. Watu wanajisikia karibu zaidi na wakati huo huo wanazidi kuzama. Dalili yake ni rahisi kuiona: mwenye nafuu anaacha kuzungumza, kwa sababu nafuu yake inaonekana kama usaliti.

Usiku wa dharura. Ujumbe unaingia: "nimechoka, msinitafute." Msimamizi wa kwanza anajibu hapo hapo mbele ya wote, maneno machache: "Nimekusoma. Nakuandikia pembeni sasa hivi." Anahamia kwenye mazungumzo ya watu wawili na haondoki. Wa pili anabaki na kundi: anafuta maelezo yoyote ya njia ya kujidhuru, anawaambia wengine mwenzao ana mtu, anawauliza wao wako vipi. Mmoja hawezi kufanya yote mawili. Akijaribu, anamwacha aliye hatarini akisubiri, au anawaacha wengine kumi na hofu.

Pembeni, uliza moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, linamtua mzigo wa kuficha. Usiulize "huna mpango wa kufanya ujinga, sivyo?", kwa sababu umeshamwambia jibu unalolitaka. Akisema ndiyo: umepanga vipi, lini, na hicho kitu kiko karibu nawe? Kama ni vidonge au dawa ya kuulia wadudu, kazi ya dakika tano zijazo ni kukiondoa: kwa jirani, kwa mlinzi, nje ya chumba. Mawimbi haya ya kutaka kufa hupanda na kushuka, na umbali kati ya mtu na kitu chenyewe unaokoa maisha. Kama ameshameza, si ushauri tena ni hospitali. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa, aende na chupa au pakiti ili daktari ajue ni nini.

Wengi wanaogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Waambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Sasa mapokezi. Mtu mpya adhaminiwe na aliyemo, kisha simu ya dakika kumi na tano na wasimamizi wawili. Kitambulisho hapana, jina halisi hapana. Ulizeni umri, anatafuta nini, anaishi na nani, simu yake nani mwingine anaishika. Na swali ambalo makundi mengi hayaulizi: tukihofia maisha yako, tumpigie nani, na mtu huyo anajua nini kukuhusu? Kama mama hajui, andaeni maneno kabla. Mfano: "Mimi ni rafiki wa Ali. Hajisikii vizuri kabisa usiku huu. Tafadhali nenda chumbani kwake sasa, ukae naye, usimwache peke yake." Hakuna haja ya kusema mnajuana wapi. Mnamwokoa bila kumwanika. Jibu la nani apigiwe likae kwa wasimamizi wawili tu, limefungwa kwa nywila.

Fomu za PHQ-9, yaani maswali tisa ya kupima sonona, msizigawe kwenye kundi, nimeona zikisambazwa kama mchezo. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukimuuliza mtu hilo lazima kuwe na anayesoma jibu siku ile ile.

Mwenge_Dar

Wakuu, angalizo kwa upande wa majirani. Makundi ya Kiswahili hayajui mpaka. Mtaletewa watu wa Tanga, Kampala, Bujumbura. Sheria si moja.

Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ngono "kinyume cha maumbile", kinaanzia kifungo cha miaka 30 hadi maisha, na kujaribu kujiua bado ni kosa. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa LGBTQ, mitandao ya kijamii ikiwemo. Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inatoa hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuyahamasisha. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba kule ilifuta kifungu kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao, lakini sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Kwa hiyo mwenzetu wa nje ya Kenya asifanywe admini wala mdhamini, jina lake lisiwe kwenye orodha yoyote, na kabla ya kuvuka mpaka atoke kwenye kundi na kufuta programu. Atarudi akifika.

Namba 1199 haimsaidii aliye Mwanza. Kila mmoja atafutiwe mapema msaada wa alipo.

Kipepeo_Pwani

Asanteni sana, kiungo kimeshafutwa. Maswali mawili. Wa miaka 16 na 17 wanabisha hodi kila wiki, tuwafanyeje? Na tunapompeleka mtu kwa mshauri nasaha, tunajuaje kwamba hatamwambia akaombewe?

MshauriNrb

Wadogo msiwachanganye na wakubwa kwenye kundi moja, hata kama mioyo yenu inauma. Nia mbaya ya mtu mzima mmoja inatosha kuwaangamiza, na ndiyo shtaka la kwanza mtakalotupiwa. Sheria ya data inataka idhini ya mzazi kwa mtoto, isipokuwa kwa anayetoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Kundi la marafiki si hilo. Msimwache mlangoni bila kitu, hata hivyo. 116 ni simu ya watoto, bure, saa 24. Kwa anayesoma Kiingereza, TrevorSpace, jukwaa la mtandaoni la The Trevor Project (shirika la Marekani la kuzuia kujiua kwa vijana wa LGBTQ), ni ya miaka 13 hadi 24 na ina wasimamizi. Na mwulizeni kama kuna mtu mzima mmoja anayemwamini: mwalimu, shangazi. Utafiti wa The Trevor Project wa 2019, Marekani, ulikuta vijana wenye mtu mzima walau mmoja anayewakubali walikuwa na uwezekano mdogo kwa 40% wa kuripoti kujaribu kujiua mwaka uliotangulia.

Mshauri mpigieni kabla ya kumpeleka mtu, muulizeni swali moja: "Mteja akikuambia ana mpenzi wa jinsia yake, lengo la ushauri litakuwa nini?" Anayefaa atasema lengo analiweka mteja, kisha atauliza kuhusu usingizi, chakula na usalama wake. Akisema "tutaangalia chanzo," au "inategemea kama anataka kubadilika," shukuruni mkate simu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna chanzo cha kutafutwa. Mkishawapata wawili au watatu waliojibu vizuri, ombeni mmoja wao akutane na wasimamizi wenu kila wiki mbili. Hao nao ni vijana wa LGBTQ, wanabeba ya wenzao juu ya ya kwao, na msimamizi aliyetoka kwenye usiku wa dharura asipewe zamu inayofuata.