Naomba ushauri: tamthilia yangu ya wagomaji inaishia pabaya

Wakuu, habari zenu. Naandika mchezo wa jukwaani, vichekesho vyenye uchungu, kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha nguo Dar es Salaam mwaka 1973, enzi ambazo Mwongozo wa TANU wa 1971, tamko la chama tawala lililokemea ubabe wa viongozi, uliwapa watu ujasiri wa kumfungia meneja nje ya geti. Wangu wanamfungia kweli, halafu wanakumbuka funguo za stoo ya unga zimo mfukoni mwake. Kwenye mazoezi hata fundi wa taa alicheka.

Shida ni mwisho. Polisi wanafika, nusu wanafukuzwa kazi, na yule aliyepiga kelele kuliko wote anarudi kuomba kibarua kwa meneja huyohuyo. Wenzangu wanadai watazamaji watanuna. Mlioandika michezo: kicheko nikikate wapi?