Poti za ruta zimejaa, nataka kuongeza waya: nichukue swichi ya poti 8 au 16?

Nyegezi Juu (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Naombeni ushauri wa haraka, fundi anakuja Jumamosi na mpaka sasa sijui nishike lipi.

Nina intaneti ya faiba nyumbani, Mwanza. Ruta niliyofungiwa ina poti nne za waya na zote zimejaa: tivii ya sebuleni, kompyuta ya kazi, kinasa cha kamera na kile kifaa cha kusambaza waifai vyumbani. Nahitaji sehemu nyingine sita za waya. Waifai ya kutegemea sitaki, kuta za tofali za kuchoma zinaimeza yote. Swichi ya mtandao (kile kiboksi cha kuongeza poti) ya poti 8 inatosha au nichukue ya 16? Na spidi haitapungua?

Mzee wa Nyaya
Hilo dogo mkuu. Chukua ya poti 8, iwe ya gigabiti, usichukue zile za megabiti 100 hata kama muuzaji anakusifia bei. Unachomoa waya mmoja kwenye ruta, pale unaweka waya wa kwenda kwenye swichi. Kwenye ruta zinabaki tatu, kwenye swichi saba, jumla 10. Ulikuwa na vifaa vinne, unaongeza sita, kumi kamili. Ila hutabaki na akiba.

Spidi haipungui kwa sababu ya swichi. Kinachogawanywa ni kifurushi chako, na kingegawanywa hata bila swichi. Angalizo moja: usichomeke waya mbili kutoka swichi hiyohiyo kwenda ruta hiyohiyo ukidhani unaongeza nguvu. Taarifa zitazunguka bila kutoka na nyumba nzima itakosa mtandao.

Mama Neema wa Ilemela
Kaka yangu, kabla ya swichi hebu angalia panya. Mimi nilifungiwa waya safi kabisa, umepita darini, fundi akasema bomba la nini mama, huku juu nani anafika. Miezi haikuwa mingi tivii ya watoto ikazima. Kupanda darini, waya umetafunwa mpaka unaona rangi zote nane. Ukapitishwa mwingine, nao ukaliwa. Sasa nimeweka bomba la plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho, ila panya bado wapo, wamehamia stoo. Mwenye dawa isiyowaacha wakafia ndani ya dari aniambie.

Chuma cha Doto
@Mama Neema fuga paka mama, dawa za dukani zote ni harufu tu.

Sengerema Kwetu
Mleta mada, nyumba yako ina vyumba vingapi? Sehemu sita mpya ni za vifaa gani? Na kutoka kwenye ruta hadi sehemu ya mbali kabisa ni mita ngapi?

Nyegezi Juu
@Sengerema vyumba vitatu. Umbali siyo wa kutisha. Naomba tu 8 au 16 wakuu, muda hautoshi.

Sengerema Kwetu
Vyumba vitatu, sehemu kumi za waya? Umbali "siyo wa kutisha" ndiyo mita ngapi? Tukusaidie na wewe utusaidie.

Nyegezi Juu
Sawa. Sehemu mbili ni za ndani. Nne ni za nyumba ya chini, kule bondeni, wanakokaa wapangaji. Fundi kapima mita 130 na ushee. Tutapitisha juu, tunaufunga sambamba na waya wa umeme unaoshuka kule. Boksi la waya la mita 305 nimeshalinunua na fundi ameshapokea kianzio, kwa hiyo tusianze habari za kubadili waya. Yeye anasema kafanya hivyo sehemu nyingi na zinafanya kazi.

Mzee wa Nyaya
Mkuu, hilo ndilo lilikuwa swali. Futa jibu langu la kwanza.

Waya wa shaba wa mtandao, uwe Cat5e au Cat6, kikomo chake ni mita 100 ukijumlisha na vipande vya kuchomekea pande zote mbili. Ukifika 130 unaweza ukaona taa inawaka leo, kesho inakatika, mvua ikinyesha haipo. Kuufunga sambamba na waya wa umeme ndiyo kabisa usifanye: ganda la umeme likichubuka pale juu, moto unaingia kwenye ruta na kwenye mkono wa mtu.

Na hapa Mwanza radi tunazijua. Hata isipopiga nyumba, ikipiga jirani inatosha kusukuma umeme kwenye waya mrefu wa shaba ulio nje, na kila kitu kilichochomekwa pande zote mbili kinaungua. Nyumba ya chini ina LUKU (mita ya umeme) yake?

Nyegezi Juu
Ina yake. Ila fundi alisema katikati tunaweka swichi nyingine, mita 65 na 65, kikomo hakivukwi.

Mzee wa Nyaya
Kwa mita yuko sahihi. Kwa radi hajabadilisha chochote, kaongeza tu kifaa cha kuungua katikati ya bonde, tena kinachohitaji umeme. Na nyumba mbili zenye LUKU mbili kila moja ina ethi yake (waya wa umeme unaozikwa ardhini). Ukiziunganisha kwa shaba, tofauti ya ethi hizo inatafuta njia kupitia vifaa vyako.

Mwana wa Haki
Mnamfundisha waya, hamuulizi anachofanya. Huyu anataka kuwauzia wapangaji intaneti ya nyumbani. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kutoa huduma kama hiyo, na mkataba wa kifurushi cha nyumbani kwa kawaida unakataza kuuza. Tamaa ya wenye nyumba haina mwisho. Kodi ya miezi sita mkononi, bado anataka na ya vocha.

Nyegezi Juu
@Mwana wa Haki siuzi. Wamechanga wenyewe, kila chumba, ndiyo nikanunua boksi. Watoto wao wanasoma, mmoja anafanya kazi mtandaoni usiku kucha kwa kununua bando. Nimeshika hela ya watu, ndiyo maana silali.

Chuma cha Doto
Wakuu, hii ni chai. Akaunti mpya. Kwanza nyumba ya vyumba vitatu, dakika mbili baadaye kuna bonde, wapangaji na mchango. Kesho atatokea "mtaalamu" na namba ya simu anauza swichi. Hata hilo boksi halipo.

Sengerema Kwetu
Nami nilianza kunusa. Mleta mada, kama boksi lipo, soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya. Yaandike hapa yote.

Nyegezi Juu
Sina cha kumuuzia mtu. Nimeukunjua sasa hivi. Umeandikwa UTP CAT6 4PR 24AWG CCA, halafu tarakimu za mita.

Chuma cha Doto
Muuza swichi asingetaja CCA kwenye bidhaa yake. Nimekaa kimya.

Mzee wa Nyaya
CCA ni alumini iliyopakwa shaba nje. Kwarua ncha kwa wembe utaona nyeupe ndani. Inapoteza nguvu kuliko shaba halisi, inakatika ukiikunja, na kamera zinazopata umeme kupitia waya huohuo zitakusumbua. Jaribu kuirudisha. Dukani wakikataa, itumie kwa vile vipande vifupi vya ndani.

Kwa bondeni vuta faiba. Faiba ni kioo, haibebi umeme, mita 130 kwake si kitu. Nunua iliyokatwa tayari na vichwa viwili, mita 150, ili usihitaji mashine ya kuungia. Zile za kuning'iniza huwa na uzi wa chuma pembeni, huo ukate nje kabla ya kuingia ndani. Kila upande weka kigeuzi cha faiba kwenda waya, huku kwenye ruta, kule kwenye swichi ya poti 8.

Tena usiwaweke wapangaji kwenye mtandao mmoja na kamera zako. Kule chini iwepo ruta ya pili, iingie kwa poti ya WAN (ile ya kupokea intaneti), na kwenye hii ya juu uwape mtandao wa wageni kama ina uwezo huo. Mpangaji mmoja akija na ruta yake akachomeka kwa poti ya LAN (ile ya kugawia vifaa), itaanza kugawa anwani zake na wote mtapotea hewani.

Mwana wa Haki
Na leseni?

Nyegezi Juu
@Mwana wa Haki Jumatatu naenda kuuliza kwa watoa huduma. Kama haiwezekani, kila mtu atapata hela yake.
@Mzee wa Nyaya nimempigia fundi. Faiba hajawahi kufunga, lakini kusimamisha nguzo peke yake, mbali na umeme, anaweza. Nimemwambia Jumamosi afanye zile mbili za ndani tu. Hizo za vichwa tayari niombe vichwa vya aina gani?

Mzee wa Nyaya
Angalia kigeuzi kwanza, nunua vichwa vinavyokifuata. Vingi vina tundu za SC, pembe nne. Na vigeuzi vyake vinauzwa kwa jozi, A na B, usije ukanunua A mbili.