Naombeni ushauri: wafuasi 4,300, naposti kila siku, batiki hazitoki

MamaRangi

Habarini wadau, poleni na majukumu.

Mimi natengeneza batiki, nipo Tandika, Dar es Salaam. Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, kuanzia kuyeyusha nta na kupiga mihuri mpaka kuchanganya rangi na kostiki, na batiki zangu hazichuji. Mwanzoni mwa mwaka jana mdogo wangu alinifungulia ukurasa Instagram. Akaniambia, dada, hapa kutangaza ni bure, huna haja ya fremu Kariakoo. Kodi ya fremu Kariakoo wenyewe mnaijua, nikaona maneno yake yana maana.

Tangu hapo naposti kila siku: asubuhi picha, jioni video. Wafuasi wamefika 4,300. Mwezi uliopita nimeuza vipande 11 mtandaoni, na vitano kati ya hivyo walichukua majirani na akina mama wa kikoba chetu, ambao wangenunua hata kama nisingeposti.

Hiyo bure nimeipigia hesabu. Bando linakula kama 40,000 kwa mwezi. Kupiga picha, kuandika maelezo na kujibu ujumbe ni saa tatu kwa siku, na kwa saa tatu ningekuwa nimepiga nta vipande viwili. Picha moja ikifikia watu 150 nashukuru.

Halafu batiki si kama viatu. Kila kipande kiko peke yake. Naposti kimoja, wanakitaka watu sita. Nikimuuzia wa kwanza, watano wananuna, na kuna aliyeniandikia mbele za watu kwamba naweka picha za vitu nisivyokuwa navyo. Nikitengeneza kingine mistari ya nta haiji ile ile, mteja anasema si alichoagiza.

La mwisho ndilo lililonifanya nilie. Kuna mtu amechukua picha zangu, kafungua ukurasa wake, anapokea hela na hatumi mzigo. Dada mmoja wa Mwanza alinitafuta mpaka akanipata, keshatuma 60,000 kwa huyo mwizi. Niliona aibu kama niliyemuibia ni mimi. Siku hizi mteja wa mkoani hataki kutanguliza hela, na mimi siwezi kupakia mzigo kwenye basi bila hela.

Naombeni mnishauri. Niache nirudi kutembeza mitaani, au kuna namna? Hela ya kulipia matangazo kwa sasa sina.

FundiCherehani

Pole sana dada. Swali moja kwanza: kwenye picha bei unaandika?

MamaRangi

Hapana kaka, naandika "bei njoo inboksi". Nilielekezwa kwamba mtu akishakuja inboksi ni rahisi kumshawishi.

BintiMakambako

Mimi ni mnunuzi, acha niseme kwa niaba ya wanunuzi. Nikikuta "njoo inboksi" napita. Nitauliza leo nijibiwe kesho, na najua bei itategemea picha yangu ya wasifu inanionyesha vipi. Ukiandika bei, nikiwa nayo nanunua, nikiwa sina najipanga mpaka mwisho wa mwezi. Nimewahi kuweka hela wiki tatu kwa ajili ya gauni ambalo bei yake niliiona imeandikwa. Kitu nisichojua bei siwezi kukiwekea akiba.

KakaMatangazo

Ukweli ni kwamba zama za kufikia watu bure zimekwisha. Tafuta hata 10,000, lipia tangazo, chagua wanawake wa Dar. Utaona tofauti.

MzeeWaRaba

Kaka hapo juu sikubaliani naye kwa hali ya dada huyu. Akilipia leo, analipia watu wengi zaidi waje wakute "njoo inboksi" na kipande kimoja kilichokwisha kuuzwa. Kwanza nyumba ifagiliwe, wageni waitwe baadaye.

Nauza raba za mtumba mtandaoni tangu 2014, kwa hiyo mabadiliko haya nimeyaishi. Zamani ukiposti Instagram, picha yako inakaa kwa mpangilio wa muda, anayefungua anaiona. Mwaka 2016 wakabadilisha, mtambo wao ukaanza kumchagulia kila mtu cha kumwonyesha kulingana na anachopenda kuangalia. Januari 2018 Facebook nao wakatangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatatangulia yale ya kurasa za biashara. Kwa hiyo dada, watu 150 kati ya 4,300 si kwamba umelogwa au batiki zako mbaya. Yule mfuasi anaposema anakufuata, hajasema ataonyeshwa.

Mimi kilichonitoa ni namba za simu. Kila aliyenunua, hata jozi moja, namwomba ahifadhi namba yangu mbele yangu, na mimi nahifadhi yake. Hili la kuhifadhi watu wanalipuuza na ndilo lenye kazi. Stetasi ya WhatsApp kwa kawaida inaonekana na mtu mliyehifadhiana namba. Orodha ya kutuma kwa wengi inaingiza watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake haumfikii ujumbe. Unaweza kutuma kwa watu 200 ukafikia 30, ukadhani wamekupuuza kumbe hawajakuhifadhi.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima zote kwa pamoja kuanzia jioni mpaka usiku wa manane, waliokuwa na namba yangu walinipigia simu ya kawaida. Wafuasi wangu wengine wote sikujua pa kuwapata. Siku hiyo nilinunua daftari, mpaka leo naandika jina, namba, saizi ya mguu na tarehe aliyonunua.

Weka pia WhatsApp ya biashara, ni bure. Ina katalogi: unapanga picha na bei, kilichouzwa unakitoa. Hapo lile la watu sita kugombania kipande kimoja litapungua.

MamaRangi

Asante sana mzee wangu. Namba za wateja ninazo lakini sikuwahi kuwaomba wahifadhi yangu. Na KakaMatangazo, ushauri wako nimeupokea pia, nikikaa sawa nitaujaribu.

AltoWaPili

Dada, mimi niko kwenye kamati ya sare ya kwaya yetu. Umesema batiki mbili hazifanani kama ni ubaya. Kwa sare, ukichovya vitambaa 25 siku moja, rangi ile ile na muhuri ule ule, tofauti ndogo ya mistari ya nta hakuna anayeijali. Tunachotafuta ni fundi atakayetuhakikishia kwamba wanakwaya 25 watasimama mbele wakiwa rangi moja.

Na sisi hatutafuti Instagram. Kamati ya kitchen party, ya harusi, ya kikoba, zote zinakaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anauliza "nani anamjua mtu wa batiki", mwingine anatuma namba, imekwisha. Wewe unayo kikoba chako. Je, wanakikoba wenzako wanayo picha ya sare uliyowahi kutengeneza, yenye bei ya kuanzia watu 10 na ya watu 30? Kama hawana, watakutaja kwa mdomo tu, na mwenye picha atakushinda.

MamaRangi

Nimewahi kutengeneza sare mbili tu, zote za watu wa karibu, wala sikupiga picha. Nimeumia kusoma hapa.

FundiCherehani

Usiumie, rudi kwa hao hao uwaombe picha za siku ya shughuli. Watu wamevaa wamependeza, zinashinda kitambaa kilichotundikwa kwenye kamba.

Kuhusu video: zile za kutundika kitambaa na kuweka wimbo achana nazo. Akaunti ya biashara Instagram haipewi nyimbo zote, na video inaweza kuondolewa sauti. Ongea mwenyewe. Onyesha mikono yako inapiga nta, onyesha kitambaa kikitoka kwenye rangi. Mwizi anaweza kuchukua picha yako, sauti yako na uwanja wako vinamshinda. Mbili kwa wiki zinatosha, saa nyingine rudi kwenye kazi.

Wakili_Mtaani

Kwa huyo mwizi, fanya mambo mawili. Ripoti ukurasa wake kwamba anatumia picha zako, na waombe wateja wako waripoti pia. La pili, huyo dada wa Mwanza ndiye aliyeibiwa, kwa hiyo aende polisi yeye mwenyewe na ujumbe wa muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba iliyopokea hela ina mwenyewe. Wewe mpe ushahidi kwamba picha ni zako, zile za awali zilizo kwenye simu yako zenye tarehe.

Kwa wateja wapya tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja analiona jina kabla hajathibitisha malipo. Andika jina hilo juu kabisa ya ukurasa wako: "hela inapokelewa kwa jina hili tu". Na wa mkoani mpigie simu ya video umwonyeshe kipande chake kabla hajalipa. Ni dakika mbili.

BintiMakambako

Hiyo simu ya video ingenitosha mimi.

MamaRangi (mrejesho, wiki ya tano)

Wadau, niliahidi mrejesho.

Nimeandika bei kwenye kila kitu. Wiki ya kwanza wawili walinitukana kwamba ni ghali na wengine wakaacha kunifuata, moyo ulinidunda kidogo. Lakini wanaokuja sasa wanauliza saizi na siku ya kupata, hawaulizi tena bei halafu wakapotea. Naposti Jumanne na Ijumaa tu.

Nimewapigia wateja wangu wa zamani mmoja mmoja, 63 wamehifadhi namba. Mwezi huu vipande vimetoka 19, na 12 vimetoka kwa hao 63. Sare bado sijapata, kuna kikundi cha Mbagala wameomba sampuli na hawajarudi. Ukurasa wa mwizi umefungwa, ila hela ya dada wa Mwanza haijarudi, tunafuatilia.

AltoWaPili

Hongera mwaya. Sisi tunataka zambarau yenye muhuri mweupe, watu 25, tunavaa Pasaka. Unafanyaje?

MamaRangi

Yadi nne kila mtu, 24,000 kwa kila mmoja kwa kuwa mmevuka 20. Nusu mnatanguliza kwa lipa namba, nusu siku ya kuchukua. Nipe siku 12. Kesho nachovya kipande cha sampuli, saa kumi jioni nitakupigia simu ya video ukione kikiwa bado kibichi na kikishakauka, maana zambarau ikikauka inapungua.