Breki za mbele zinashika zenyewe gari likipata moto, naomba ushauri

Ndugu mafundi na madereva, naombeni msaada wenu. Gari langu huondoka vizuri asubuhi, lakini likishakaa kwenye foleni magurudumu yote mawili ya mbele huanza kushika yenyewe, pedali inakuwa fupi (haishuki sana) na ngumu, na harufu ya pedi zinazoungua inaingia hadi ndani. Fundi ameshabadilisha pedi, amesafisha pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi), ameweka mafuta mapya ya breki na kutoa upepo, bila mafanikio. Nati ya kutolea upepo ikilegezwa, mafuta huruka kwa nguvu na gurudumu huachia papo hapo. Je, tatizo ni masta silinda (pampu kuu ya breki) isiyorudisha mafuta, au ni fimbo ya busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya kukanyaga breki) inayoisukuma muda wote? Nitazitofautishaje kabla ya kununua kipuri? Gari hili hubeba watoto, hivyo nimeliegesha kwanza.