Wahusika wa sizoni wanaoruka kimanga mpaka dakika ya mwisho, nani kawazidi wote?

Mkesha_wa_Sizoni aliandika:

Wakuu habari zenu. Natanguliza tahadhari kabisa, humu ntataja miisho, kama bado hujamaliza Breaking Bad geuzia hapo hapo usije ukanilaumu.

Nimemaliza kuirudia yote, vipande 62, na safari hii sikuwa naangalia bunduki wala ile maabara, nilikuwa namsikiliza tu Walter White, yule mwalimu aliyegeuka mpika dawa za kulevya, anaongea nini kila akishaharibu. Jamani huyu mzee hajawahi kukosea hata siku moja! Mara ya kwanza nilikuwa upande wake, mwalimu wa kemia, kansa ya mapafu, mke mjamzito, kijana wake ana ulemavu, nikasema mwacheni mtu atafute. Sasa hivi kila akitamka neno familia nasikia hasira mpaka natamani kuzima.

Angalieni hesabu zake. Msimu wa 2 unaanza anapiga mahesabu ya chuo cha watoto, deni la nyumba, matumizi, anapata dola 737,000, hapo ndo pa kuishia. Msimu wa 5 mkewe Skyler anampeleka kwenye stoo ya kukodi kumuonyesha rundo la noti, anamwambia nimeshindwa hata kuzihesabu nimezipanga tu, baadae tunasikia zilikuwa milioni 80. Na kabla ya yote hayo, msimu wa 1 kabisa, marafiki zake wa zamani Elliott na Gretchen walijitolea kumlipia matibabu yote, akakataa. Yani familia ilishapata msaada, yeye ndo hakuutaka.

Kilichonichoma zaidi ni ile hotuba ya ukumbi wa shule. Ndege mbili zimegongana angani juu ya mji wao, watu 167 wamekufa, na mnyororo wa ile ajali ukiufuata nyuma unafika mpaka chumbani alikosimama anamwangalia Jane, mpenzi wa Jesse mwenzake wa kupika dawa, akipaliwa na matapishi bila kumgeuza. Halafu huyo huyo anashika maiki mbele ya wanafunzi wanaolia anawaambia tuangalie upande mzuri, chini hakufa mtu, ndege hazikuwa zimejaa, na ukilinganisha na Tenerife mwaka 1977 walipokufa watu 583 hii wala sio kubwa kihivyo. Nilisimamisha pale, nikatoka nje kidogo ndo nikarudi kuendelea.

Na Mike, mwenzao kwenye biashara, je? Anamwambia ukweli mmoja tu, kwamba kila kitu kilikuwa kinaenda sawa, we ndo umeharibu kwa kiburi chako. Kwa maneno hayo anapigwa risasi. Sekunde chache baadae Walter anakumbuka kwamba yale majina aliyokuwa anayataka, ya watu wa Mike walioko jela, angeyapata kwa Lydia, mwenzao mwingine wa biashara. Mtu kafa bure.

Maswali yangu mawili. Kuna mhusika gani mwingine wa tivii anayekataa kubeba msala wake kumzidi huyu? Na la pili ndo linaninyima raha, kule mwisho anamwambia Skyler nilifanya kwa ajili yangu mwenyewe, niliipenda ile kazi, niliiweza. Je kauli ile inamsafisha chochote?

tafakuri alijibu:

Mkuu umenikumbusha darasani, nilisoma sosholojia. Kuna Wamarekani wawili, Sykes na Matza, mwaka 1957 waliandika kuhusu vijana wahalifu, wakagundua wengi wao wanajua kabisa kipi ni kibaya, wala sio kwamba wana maadili yao ya peke yao, ila wanakuwa na maneno ya kuizima dhamira. Walitaja njia tano: sikuwa na jinsi, hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, nyie mnaonihukumu ni wachafu kuliko mimi, na ya tano nilifanya kwa ajili ya watu wangu.

Sasa chukua hizo tano umuwekee Walter, zote anazo. Hotuba ya ukumbini ni hakuna aliyeumia sana. Familia ni ile ya tano. Kwa Jane anaweza kujiambia alistahili, si alikuwa anamtishia amlipe hela? Na hizo njia kazi yake sio kudanganya polisi, kazi yake kubwa ni kumdanganya mwenyewe ili aweze kulala, na mara nyingi maneno yanakuja KABLA ya tendo, yanafungua mlango. Ndo maana mi naogopa sana mtu mwenye maelezo mazuri tayari mdomoni.

Mama_Wawili alijibu:

Mi nawapeleka kwa mwanamke ambaye hakushika bunduki hata siku moja. Carmela Soprano, mke wa Tony bosi wa mafia kwenye The Sopranos.

Tony wote tunamjua, kila kitu ni mama yake, na kweli yule bi Livia alikuwa mama wa kutisha sikatai. Msimu wa mwisho wanapata ajali ya gari na Christopher, kijana wake wa karibu kwenye kazi, Tony anamziba pua mpaka anakufa, alafu anazunguka anamwambia kila mtu habari ya tawi la mti lililoingia kwenye kiti cha mtoto, mtoto angekuwepo pale angekufa. Anairudia ile habari kila msiba unapotajwa mpaka unaona anatafuta mtu mmoja tu amwambie ndio, bora alivyokufa. Huyo tumuache.

Carmela ndo ananiumiza. Msimu wa 3 anaenda kwa daktari mmoja mzee wa saikolojia anaitwa Krakower, anaanza kueleza mumewe ni mtu mzuri, baba mzuri, ana matatizo yake. Yule mzee anamkatisha, anamwambia chukua watoto, au kilichobaki kwao, uondoke. Anakataa hata kupokea malipo, hataki hela za damu, anamwambia jambo moja hutaweza kusema kamwe ni kwamba hukuambiwa. Nimeangalia kile kipande mara nyingi kuliko kingine chochote. Na unajua Carmela anafanya nini? Anarudi nyumbani, analala kwenye kochi amejifunika blanketi, mwisho wa kipande anamlazimisha Tony atoe dola 50,000 kwa chuo cha binti yao. Yani hela zile zile! Amesikia ukweli wote ukageuka kuwa mchango wa chuo.

Kwa hiyo jibu langu mkuu, Walter alikuwa anaukimbia ukweli. Carmela aliletewa mezani, akautazama, akaurudisha kistaarabu. Huyo kwangu kamzidi.

Nahodha77 alijibu:

Mnamuonea Walter. Mtu umeambiwa una miezi ya kuishi, umefundisha maisha yako yote na jioni unaosha magari ya wanafunzi wako, kampuni uliyoianzisha na wenzako ulichukua dola 5,000 ukatoka leo ina thamani ya mabilioni. Nani hapa angebaki na akili timamu? Sio kila maelezo ni kisingizio, mengine ni maelezo tu.

Mkesha_wa_Sizoni alijibu:

Nahodha nakuelewa kaka na ndo nilivyokuwa nawaza mwanzo. Ila hiyo 5,000 hakuna aliyempora, aliuza mwenyewe kwa hiari yake, na ndo kidonda anachokikuna sizoni nzima kana kwamba kuna mtu alimkata. Umaskini ungeweza kueleza siku ya kwanza jangwani. Hauelezi kumpa sumu Brock, mtoto mdogo, ili Jesse arudi upande wake. Pale alikuwa analinda nini cha familia?

mshumaa_usiku alijibu:

Nimesoma yote kimya kimya ila kuna aina moja hamjaigusa, wale wanaokubali kosa haraka sana. BoJack Horseman. Msichukulie poa kwa kuwa ni katuni ya farasi, ile ni sizoni nzito kuliko nyingi za watu.

BoJack hajawahi kubisha kwamba ni mbaya, kila siku anasema mimi ni takataka, mimi ni sumu, nilizaliwa na wazazi wabovu nikatoka hivi. Na kesho anarudia kule kule. Msimu wa 3 rafiki yake Todd aliyekuwa analala kwenye kochi lake miaka yote anachoka, anamwambia huwezi kuendelea kufanya uchafu kisha ukajisikia vibaya kana kwamba kujisikia vibaya ndo malipo, unatakiwa uwe mtu bora, basi. Mi nilipigwa na butwaa.

Kwa sababu nina ndugu yangu wa damu yuko hivyo hivyo. Akikosa anakuwa wa kwanza kulia, anajilaani mpaka wewe uliyeumizwa ndo unakaa kumbembeleza, unamwambia basi usijali yameisha, na ukiinuka pale unagundua hakuna hata kimoja alichorudisha. Nilikaa na hasira miaka bila kujua inaitwaje, nikaja kuipata kwenye katuni. Kujilaani nako ni kuruka kimanga, tena ni kubaya zaidi kwa sababu kunamfunga mdomo anayedai.

Na msimu wa 6 wanamaliza kazi. Anaenda kwenye mahojiano kuhusu kifo cha Sarah Lynn, binti aliyeigiza naye zamani, anakiri kwa huzuni, watu wanampenda, wanamsifia kwa ujasiri. Akanogewa! Akaomba mahojiano ya pili mwenyewe. Ya pili ndo mtangazaji anamuuliza zile dakika 17, alingoja dakika 17 kabla ya kuita gari la wagonjwa ili atengeneze uongo wake, na madaktari wangeweza kumuokoa yule binti. Hapo ndo utajua ile toba ya kwanza ilikuwa onyesho tu.

tafakuri alijibu:

Mshumaa hiyo ya kubembeleza mkosaji imenigusa. Pole sana.

Kalamu_Kavu alijibu:

Kendall Roy wa Succession na sitaki ubishi. Msimu wa 1 kijana wa hotelini anakufa majini kwenye gari aliyokuwa anaendesha Kendall, yeye anarudi kwenye harusi ya dada yake kucheza muziki. Msimu wa 3 kule Italia anakaa vumbini analia anawakiri ndugu zake, nikasema sasa amepona. Kipande cha mwisho kabisa, mwaka 2023, kura moja imebaki apate kiti cha baba yake kwenye kampuni, Shiv yule dada yake anamkumbusha ulimuua mtu, naye anasema halikutokea, nilitunga tu. Anaukana mdomo wake mwenyewe mbele ya watu wale wale waliomfuta machozi. Walter hakufika huko.

Nahodha77 alijibu:

Hiyo ya Kendall kweli imenishinda kutetea. Lakini yupo aliyefanya vizuri? Maana tukisema kauli haitoshi basi hakuna atakayetosha.

Kalamu_Kavu alijibu:

Jimmy McGill, mwanasheria wa Better Call Saul. Na huyu alianza pabaya kuliko wote. Kaka yake Chuck amejiua, na ni Jimmy aliyeenda kumchongea kwa watu wa bima mpaka akaondolewa kwenye kampuni yake ya uwakili. Howard, mshirika wa Chuck, anakuja analia anasema ni kosa langu mimi niliyemtoa. Jimmy anajua kila kitu, badala ya kusema anamuangushia jumba bovu, anamjibu huo ni mzigo wako wewe Howard, anainuka anatengeneza kahawa anapiga mluzi. Nilihisi baridi.

Sasa nenda kipande cha mwisho, 2022. Amekamatwa kwa uhalifu wake, ameshawazungusha waendesha mashtaka mpaka wamekubali miaka saba na nusu tu. Anafika mahakamani anaivunja dili yake mwenyewe, anasema yote mbele ya hakimu, anaongeza na habari ya Chuck na ile bima. Mwanasheria anamwambia hilo la kaka yako wala sio kosa la jinai, anajibu lilikuwa kosa. Anaondoka na miaka 86. Nahodha tofauti iko pale, alilipa kitu ambacho alikuwa tayari ameshakikwepa, tena kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa anamdai.

Mama_Wawili alijibu:

Na alilisema Kim, aliyekuwa mke wake, akiwepo mahakamani, anasikia. Sio kwa padri wala kwenye tivii. Naomba hilo liandikwe.

Mkesha_wa_Sizoni alijibu:

Ahsanteni sana, nimelala saa nane usiku kwa ajili yenu nikirudia kipande cha mwisho cha Jimmy.

Nimerudi pia kwa Walter na kauli yake kwa Skyler, na naona sasa kilichokuwa kinanisumbua. Ile kauli ni ya kweli kabisa, nadhani ndo sentensi ya kweli kuliko zote alizowahi kusema, na Skyler alistahili kuisikia. Ila ni ya Skyler peke yake. Habari ya Jane aliisema mara moja tu katika maisha yake, jangwani, Jesse akiwa anabebwa kwenda kuteswa, akamwambia nilikuwepo, nilimwangalia anakufa, ningeweza kumuokoa na sikufanya. Yani ukweli wenyewe aliutumia kama kisu.

Na kuna mtu mmoja hamkumtaja na mi mwenyewe nilimsahau. Donald, baba yake Jane. Yule ndo aliyekuwa anaongoza ndege, amerudi kazini na msiba wa mwanae kichwani, zikagongana mikononi mwake. Dunia nzima ikamtupia lawama yeye. Baadae tunasikia redioni amekimbizwa hospitali, amejipiga risasi. Hakuna aliyewahi kwenda kumwambia kwamba siku ile chumbani alipofia Jane alikuwepo mtu mwingine.